Masika Hatugusi

16 Machi

Leo nimekabidhiwa kiti, funguo mbili na kikombe kisicho na kishikio. Vyote vilikuwa vya aliyenitangulia, ambaye amehamia ofisi nyingine bila hata kunionyesha choo kiko wapi.

Kazi yangu ni kutunza kanzidata ya mto. Kuna vipimo vimefungwa kwenye nguzo kuanzia milimani mpaka daraja la chini. Kila kipimo kinatuma kimo cha maji, sisi tunakihifadhi kwenye jedwali moja, na programu ya tahadhari inasoma humo. Maji yakivuka alama, watu wa mtaa wa bondeni wanapata ujumbe kwenye simu waondoke. Mdogo wangu anaishi mtaa huo na mume wake na watoto watatu. Nilipoomba kazi hii sikulitaja hilo, lakini ndilo lililonifanya niiombe.

Swali la kwanza nililoiuliza kanzidata ni jedwali hilo lina ukubwa gani. Ikanijibu sifuri. Nikauliza tena nikidhani nimekosea herufi. Sifuri. Miaka na miaka ya kuuandika mto, halafu sifuri. Nilicheka peke yangu mpaka fundi wa vipimo akaja kuuliza kuna nini. Huyu wanamwita Mabuti, kwa sababu havui mabuti yake ya mpira hata akikanyaga zulia la wakubwa.

Nilimweleza kwamba jedwali lile ni jina tu. Limegawanywa vipande, kila mwezi na kipande chake, na mzigo wote wanao vipande. Ni sawa na kumuuliza mama aliyetoka kisimani amebeba nini, akakuonyesha mikono mitupu, kumbe ndoo ziko vichwani mwa watoto. Lazima umuulize mtoto mmoja mmoja. Mabuti akasema kwao ni hivyo hivyo, akarudi kwenye waya zake.

17 Machi

Tuna diski mbili. Moja ndogo, ya kasi, inabeba kipande cha mwezi unaoendelea. Wenzangu wanaiita Mbio. Nyingine kubwa na nzito kama gogo, inabeba miezi iliyopita. Hiyo ni Ghala. Kila tarehe mosi, mwezi uliokwisha unahamishwa kutoka Mbio kwenda Ghala.

Ukutani kuna skrini inayozijumlisha diski zote mbili na kutoa rangi moja. Leo ni kijani, maana Ghala ina nafasi tele. Nimeangalia Mbio peke yake: asilimia sitini na sita. Mvua bado ni manyunyu.

18 Machi

Nimekwenda kwa Mkuu wa kitengo kumwomba tuitenganishe skrini, kila diski na rangi yake. Ni mtu mzima, mpole, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola, na ana jibu moja. Alinipeleka mpaka mlango wa chumba cha seva, akanionyesha karatasi iliyobandikwa pale kwa utepe wa miaka mingi. Imeandikwa kwa wino mwekundu: MASIKA HATUGUSI. Maana yake ni kwamba tangu mvua zianze mpaka ziishe, mfumo haubadilishwi chochote, isipokuwa ile kazi ya tarehe mosi.

Nikamwambia Mkuu, masika yenyewe hayajaanza vizuri. Akasema manyunyu ni masika. Nikauliza je, kuangalia kunaruhusiwa? Akafikiri, akasema kuangalia si kugusa.

Nyuma ya mgongo wake anaitwa Usiguse. Nimejifunza jina hilo kabla ya saa ya chakula.

20 Machi

Mbio 69. Kuangalia si kugusa, kwa hiyo kila asubuhi nitaangalia na kuandika hapa.

22 Machi, siku ya mapumziko

Nimeshinda kwa mdogo wangu. Mto uko nyuma ya ukuta wa jirani, mweusi, unajiendea zake. Shemeji ni fundi cherehani na chumba cha mbele ndicho karakana yake: cherehani ya mota, meza ya kukatia, nguo za watu zimening'inia mpaka dirishani. Niliwaambia mvua za mwaka huu zinatabiriwa kuwa nyingi, waje kwangu mapema, nafasi ipo.

Mdogo wangu akamtazama mumewe. Shemeji akaweka mkasi chini.

"Shemeji, maneno yako siyakatai. Lakini mwaka juzi tulihamishwa na uvumi. Nilibeba cherehani kichwani mpaka kule juu, mvua ikaninyeshea, mota ikafa, na mto wenyewe haukuja. Tuliporudi tukakuta mlango umevunjwa, nguo za wateja zimekwenda. Sasa mimi nasubiri ujumbe. Ukija ujumbe, hata kama suruali ya mtu ina mguu mmoja, nahama."

"Na ujumbe si unatoka kwenu, dada?" mdogo wangu akaongeza. "Basi tuna wasiwasi gani?"

Watoto wananiita mama mkubwa na wamenionyesha daftari zao. Yule wa kati hasemi sana. Nimerudi nyumbani nimejaa chai na sina raha.

24 Machi

Mbio 72. Skrini kijani.

26 Machi

Mvua kubwa ya kwanza. Vipimo vina tabia ambayo sikuijua: maji yakitulia vinatuma mara moja kwa saa, yakianza kupanda vinatuma kila dakika. Kwa hiyo mvua ikizidi, na sisi tunazidi kula diski. Ile ndogo ndiyo inayolishwa, kwa sababu ndiyo yenye mwezi huu.

Nikamuuliza Mabuti diski ikijaa kabisa wao huwa wanafanya nini. Akasema haijawahi kujaa. Nikasema sikuuliza hivyo. Akasema basi hajui, na akavuta kiti akakaa.

Tulijaribu kuiona picha hiyo pamoja. Diski ikijaa, kipimo kitatuma na kanzidata itakataa kupokea. Programu ya tahadhari itasoma kimo cha mwisho ilichonacho, itakisoma tena, na tena. Mto utapanda mpaka madirishani na kwetu utaonekana umesimama palepale. Hakuna ujumbe utakaotoka. Na shemeji atakuwa amekaa kwenye cherehani yake anausubiri.

27 Machi

Mbio 75. Nimeandika ombi la diski kubwa zaidi. Wa manunuzi amesema mchakato utachukua miezi mitatu kama hakuna mtu atakayekwenda likizo.

28 Machi

Nimeviuliza vipande vyote ukubwa wake, kimoja kimoja. Kilichoko Mbio ni Machi peke yake, na Machi hafikishi hata robo ya diski. Humo ndani kuna kitu kingine kinachokula, na si kidogo.

31 Machi

Mbio 78. Kesho tunahamisha.

1 Aprili

Nimehamisha kipande cha Machi kwenda Ghala, kwa amri ileile wanayoitumia siku zote, Mkuu amesimama nyuma yangu mikono mgongoni. Kazi imekwenda safi. Nikaiangalia Mbio nikitegemea ishuke karibu na sakafu, maana imebaki na Aprili mchanga asiye na kitu.

Sitini na moja.

Mkuu akatazama skrini ya ukutani, akasema kijani, akanipongeza, akaondoka.

2 Aprili

Nimempata mla diski.

Kila kipande kina faharasa yake, kama ile ya nyuma ya kitabu, ya kukusaidia kukipata kitu bila kupekua kurasa zote. Amri ya kuhamisha kipande haiigusi faharasa. Lazima uiamrishe peke yake. Hapa hakuna aliyewahi kuiamrisha. Faharasa ya Machi imebaki Mbio. Ya Februari ipo. Ya mwaka jana yote ipo, na ya mwaka juzi, mpaka siku jedwali lilipozaliwa. Wapangaji wanahama kila mwezi na kuacha masanduku yao sebuleni, na ukiuliza nyumba ina watu wangapi unajibiwa mmoja.

Hakuna aliyedanganya. Walivihesabu vipande bila faharasa zake, wakaitazama skrini inayojumlisha kila kitu, na miaka yote mvua zikawa za kadiri. Mtu anaweza kufanya kazi yake kwa uaminifu na jambo kama hili likampita.

Nilimwita Mabuti nikamwonyesha. Akauliza kama yale masanduku yanahamishika.

Yanahamishika. Na miezi ya zamani haiandikwi tena chochote, kwa hiyo kuyahamisha hakumzuii Aprili kupokea vipimo vyake. Kinachotuzuia ni karatasi ya mlangoni.

3 Aprili

Mbio 63. Mvua mchana kutwa.

5 Aprili

Nimekaa na Mkuu karibu saa nzima. Nimemweleza kila kitu kwa lugha ya masanduku, maana ile nyingine ilimfanya aangalie saa. Alielewa, hilo sina shaka nalo. Halafu akasema tutayahamisha mvua zikiisha.

Nikasema Mkuu, mvua zikiisha hatutahitaji tena kuyahamisha. Akasema haraka haraka haina baraka. Nikamjibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Akatabasamu kidogo, na mimi nikatabasamu, na jibu likabaki lilelile.

Nimetoka na hasira. Nimeandika hapa kwamba yule mtu ni mwoga, na ninaliacha neno hilo lilivyo.

6 Aprili

68.

7 Aprili

70. Nimempigia mdogo wangu nikamwambia waje tu, wasingoje ujumbe. Aliuliza, "Unaniambia kama dada au kama ofisi?" Nikasema kama dada. Akacheka, akasema dada yake alikuwa anaogopa mvua tangu utotoni, anajificha chini ya meza. Shemeji kwa nyuma akanisalimia na kuuliza ujumbe umetoka? Nikasema bado. Akasema haya, basi tupo.

Baadaye nimekaa nikiwaza. Hata kama ningewavuta kwa nguvu, mdogo wangu ana dada ofisini. Jirani yake wa ule ukuta wa mtoni, anayemkopesha ndoo, hana.

8 Aprili

72. Nimerudi kwa Mkuu. Amekataa tena, kwa upole uleule. Nimemwambia nitarudi kesho. Akasema mlango uko wazi.

9 Aprili

75. Nimerudi. Amekataa. Nimemwomba ruhusa ya kutumia ile mashine ya akiba iliyoko stoo, iliyofunikwa turubai, kufanyia mazoezi kwa nakala. Si mfumo, ni mashine tupu. Alifikiri akasema huko niguse nitakavyo.

10 Aprili

Mashine ina buibui, lakini inawaka. Mabuti amenishikia tochi.

11 Aprili

80. Mazoezi yamekubali. Nimehamisha faharasa za nakala, moja moja, huku nikiitumia mashine vipimo vya uongo kana kwamba mto unapanda. Hakuna kipimo kilichokataliwa. Nikarudisha kila kitu, nikaanza upya, nikafanya tena. Mabuti alikaa pembeni anakula karanga na kunihesabia makosa. Mara ya tatu hakuwa na cha kuhesabu.

12 Aprili

84.

13 Aprili

Nataka kuiandika siku hii yote.

Asubuhi Mbio ilikuwa 87. Nikaenda kwa Mkuu, na kabla hajafungua mdomo nikamwambia leo sikuja kuomba, nimekuja kumkaribisha stoo. Akaja. Nikamkalisha kwenye ndoo iliyogeuzwa, kwa sababu kiti ni kimoja na kina mguu mbovu, na kwenye mashine ile ya mazoezi nikamwonyesha mchoro wa mto: mstari unapanda polepole kuelekea alama nyekundu ya hatari. Nikamwambia hivi ni vipimo vya uongo, lakini diski nimeijaza makusudi mpaka karibu na ukingo, kama Mbio itakavyokuwa wiki hii. Tutazame.

Mstari ulipanda. Kisha ukalala. Ukaenda mbele ukiwa umenyooka, chini kidogo ya ile alama nyekundu, na skrini ikabaki kijani.

Mkuu akasogeza ndoo yake karibu.

"Mto umetulia," akasema.

"Haujatulia, Mkuu. Ni sisi tumeacha kuuandika."

Nikamfungulia dirisha la pili, lenye namba nilizokuwa ninazituma. Maji ya uongo yalikuwa yameshaivuka alama nyekundu na yanaendelea kupanda. Mstari kwenye mchoro haukutikisika. Aliutazama sana. Alivua miwani akaifuta na kuirudisha, halafu akaivua tena.

Nilifikiri atakataa. Badala yake akaniambia kuhusu ile karatasi. Miaka kadhaa nyuma, katikati ya mvua, aliyekaa kwenye kiti changu aliona kitu kidogo cha kurekebisha, akakirekebisha kwa nia njema, na tahadhari zikanyamaza tangu adhuhuri mpaka jioni. Hakuna aliyejua mpaka simu zilipoanza kupigwa kutoka bondeni. Mkuu alichukua kipaza sauti, akashuka kwa miguu, akapita nyumba kwa nyumba maji yakiwa kiunoni.

"Kuna nyumba moja ya bibi mmoja anayeishi peke yake. Nilikuta mlango uko wazi, kiti kinaelea, yeye hayupo. Nilimtafuta siku mbili, dada. Alikuwa kwa binti yake, anakunywa chai, hana habari. Lakini mimi zile siku mbili sijazimaliza mpaka leo. Niliporudi ndiyo nikaandika ile karatasi."

Nilikuwa nimemwita mwoga kwenye ukurasa wa nyuma, na ni kweli anaogopa. Anaogopa kitu kilekile ninachokiogopa mimi.

Nikamwambia, "Mkuu, safari hii tusipogusa ndiyo tutanyamaza."

Alikubali kwa kichwa, polepole. Akasema tutagusa kesho, lakini kwa masharti yake, na masharti yake yalikuwa mazuri kuliko mpango wangu. Tuanze na mwezi wa zamani kabisa. Faharasa moja kwa wakati. Kila amri nitakayoandika aisome yeye kwa sauti kabla sijaibonyeza. Na Mabuti akasimame darajani na simu, asome kimo kwa macho yake na kututajia, ili hata mashine ikinyamaza tuwe na mdomo wa mtu.

14 Aprili

Mbio 89 wakati tunaanza.

Mvua ilikuwa imepumzika, mawingu yamekaa. Mkuu alikuja na kiti chake mwenyewe. Nikaandika amri ya kwanza, akaisoma neno kwa neno kama mtu anayesoma hukumu, akasema bonyeza. Nikabonyeza. Mabuti akapiga simu kutoka darajani akataja kimo. Nikakiangalia kwenye jedwali: kimeingia, kilekile. Mkuu akasema haya, inayofuata.

Tulikwenda hivyo, mwezi kwa mwezi. Kuna mahali niliandika jina la kipande cha Agosti mara mbili na Mkuu, ambaye hajawahi kuandika amri hata moja maishani mwake, akainua kidole akasema huyu tumeshampeleka. Mashine ingekataa yenyewe, lakini nilifurahi kwamba aliona. Mabuti kule darajani alilalamika kwamba salio la simu litaisha kabla ya miezi. Mkuu akamtumia salio kutoka mfukoni mwake bila kunyanyua macho.

Tulipomaliza ya Machi, nikaiuliza Mbio. Ishirini na tisa. Mkuu aliomba niiulize tena, nikaiuliza tena. Akanishika bega, akakunja kiti chake akaondoka nacho.

Nimelia kidogo chooni. Sasa najua kiko wapi.

15 Aprili

30. Manyunyu.

16 Aprili

32. Milimani kumenyesha usiku kucha, kwetu jua. Mabuti hapendi jua la namna hii.

17 Aprili

Ninaandika kwa vipande kati ya kazi na kazi.

Asubuhi vipimo vya juu vyote vimebadilika na kuanza kutuma kila dakika, kwa pamoja. Haijawahi kutokea hivyo tangu nimefika. Mbio 36.

Saa moja baadaye 39. Mkuu amesimama mbele ya skrini ya ukutani, kisha akaiacha na kuja kusimama nyuma yangu, ambako namba ni za kweli. Ananiuliza "Mbio?" kila baada ya muda, na mimi namtajia.

Mstari wa mto unapanda. Nimekaza macho nikiuangalia usilale. Haulali.

Umevuka alama. Ujumbe umetoka. Nimeusoma kwenye simu yangu mwenyewe, maneno yaleyale ya siku zote: ondokeni sasa, elekeeni maeneo ya juu. Mbio 41.

Mdogo wangu hapokei simu. Nimepiga, hapokei. Mkuu ameniambia niende. Nikasema siondoki hapa mpaka maji yaanze kushuka, kuna watu wengine. Akavuta kiti akakaa pembeni yangu.

Mbio 45.

Adhuhuri: amepiga yeye. Ana hasira. Anasema ujumbe wangu umemkuta ameloweka nguo zote za wiki, na chungu kiko jikoni, na mumewe aliposoma aliinuka akaacha suruali ya mwalimu mkuu ina mguu mmoja kweli kweli. Wako barabara ya juu na mtaa mzima. Jirani wa ndoo yuko nao. Cherehani iko kwenye mkokoteni, imefunikwa turubai. Nikamuuliza watoto? Akasema wote wazima. Nikashindwa kuongea, akauliza dada, uko chini ya meza?

Jioni: maji yamefika madirishani bondeni. Hakuna aliyekuwemo. Mbio 49.

Ilikuwa 89 tulipoanza kuhamisha masanduku. Tangu tulipomaliza imeongezeka ishirini. Mkuu alifanya hesabu hiyo kwenye kiganja chake, ikavuka mia, akakifumba.

18 Aprili

Mbio 51. Nyumbani kwangu kuna watu wanalala mpaka chini ya meza ya chakula, cherehani iko korido. Shemeji anamalizia suruali.

23 Aprili

Maji yameshuka. Wamekwenda kutoa matope, wamerudi kulala kwangu.

1 Mei

Nimehamisha kipande cha Aprili, na mara hii faharasa yake nyuma yake, Mkuu akisoma kwa sauti ingawa hakuna aliyemwomba. Mbio imeshuka karibu na sakafu. Mvua zimekatika.

Nilipopita mlango wa seva nilikuta karatasi ileile, MASIKA HATUGUSI, na chini yake mstari mpya kwa wino uleule mwekundu: KABLA YA MASIKA TUNAULIZA KILA KIPANDE NA MASANDUKU YAKE. Mabuti ametaka kujua wageni watakaosoma pale watadhani tunafanya kazi gani. Sikumwita Mkuu Usiguse leo, na nadhani sijamwita hivyo tangu siku ya ile ndoo.

Kesho mdogo wangu na watu wake wanarudi nyumbani kwao. Jioni hii nimemuuliza kama watoto wamekubali. Akasema wote wamefurahi, tangu asubuhi wanaimba. Nikamsikia mkubwa anaimba, na mdogo anaimba.

Nikaenda kwao, nikawauliza mmoja mmoja. Mkubwa kafurahi, ana marafiki kule. Mdogo kafurahi kwa sababu mkubwa kafurahi. Yule wa kati nilimkuta amekaa juu ya begi lake. Nilimuuliza mara mbili. Mara ya pili akasema anaogopa, na kwamba hakuna aliyemuuliza.

Nikakaa sakafuni karibu naye. Nikamwambia kila asubuhi nauuliza mto umefika wapi, na unanijibu, na ukianza kupanda simu ya baba italia kama ilivyolia siku ile.

"Na mto ukinyamaza, mama mkubwa?"

Nikawaza mstari ule ulionyooka, na mzee wa watu, maji kiunoni, na kipaza sauti chake.

"Mto haunyamazi," nikamwambia. "Tukiona umenyamaza, tumenyamaza sisi. Hapo sitatuma ujumbe. Nitashuka mwenyewe nije nigonge mlango."

Alinitazama miguu, akasema basi ninunue mabuti. Kisha akasimama, akafungua begi, akaanza kupanga nguo zake upya.